Kuongoza Ajira katika Kundi la Hospitali za Wanyama Linalopanuka: Mwongozo Kamili

Jengo limekamilika. Mashine ya eksirei imeshafungwa, vizimba vimepangwa, bango la mbele linang'aa na dawa zimejaa rafuni. Kinachokosekana ni daktari. Kila anayeongoza ajira kwenye kundi la hospitali za wanyama linalopanuka hukutana na hali hii mapema, na ndiye anayepigiwa simu usiku kuulizwa "watu wako wapi?", ingawa hakuwepo kwenye kikao kilichoamua jengo likodiwe.

Mwongozo huu ni wako wewe uliyekabidhiwa kazi hiyo, iwe kundi lenu lina hospitali tatu au thelathini. Msimamo wangu nauweka wazi mapema kwa sababu utajirudia kila hatua: kundi haliwezi kufungua hospitali haraka kuliko linavyopata madaktari na wauguzi, linavyowalea na kubaki nao, hata mtaji ukiwepo wa kutosha. Kiongozi wa ajira asiyeruhusiwa kusema "bado" ni karani wa kubandika matangazo.

Hatua ya 1: Hesabu zamu kabla ya kuhesabu watu

Muulize meneja wa hospitali anahitaji nini, atakujibu: "Nipe madaktari wawili." Usiandike tangazo bado. Omba ratiba ya zamu ya miezi mitatu iliyopita, ile iliyofanyika kweli, si ile iliyobandikwa ukutani. Angalia nani alikaa mpaka saa nne usiku wakati zamu yake ilikwisha saa kumi na mbili jioni, nani aliitwa siku yake ya mapumziko, na siku zipi mapokezi yaliachiwa mtu mmoja.

Kisha piga hesabu yako mwenyewe. Hospitali inayofanya kazi usiku na mchana ina saa 168 kwa wiki. Daktari anayefanya saa 40 anajaza 40 kati ya hizo. Ukigawanya unapata 4.2, na hiyo ni ili daktari mmoja tu awepo muda wote, bila yeyote kuugua wala kwenda likizo. Toa wiki sita kwa mwaka za likizo, ugonjwa na mafunzo: kila mtu anabaki na wiki 46 kati ya 52, na mahitaji yanapanda kufikia karibu 4.75. Yaani watu watano kwa kiti kimoja. Nimeshuhudia huduma ya saa 24 ikizinduliwa kwa madaktari watatu. Hesabu hii ni ya dakika tano na hakuna aliyeifanya. Kufikia mwezi wa nne walibaki wawili, na huduma ya usiku ikafungwa kimyakimya.

Sasa tazama wasiokuwa madaktari, maana mara nyingi shida imejificha huko. Keti nusu siku kwenye chumba cha matibabu na daftari. Andika kila mara daktari anapofanya kazi ambayo muuguzi au msaidizi angeweza kuifanya kwa mujibu wa sheria ya mahali mlipo: kutundika dripu, kutoa damu, kumshika mbwa kwenye eksirei, kufuatilia mnyama aliye kwenye dawa ya usingizi, kumpigia mwenye mnyama kumpa majibu ya maabara, hata kutafuta taulo. Ukimaliza unaweza kugundua kwamba hospitali iliyoomba madaktari wawili inahitaji wauguzi wawili na msaidizi mmoja, na daktari aliyepo ataanza kufika nyumbani kwa wakati. Wauguzi wazuri nao hawaokotwi barabarani, lakini njia ya kuwapata ni tofauti na gharama yake ni tofauti.

Matokeo ya hatua hii yawe ukurasa mmoja kwa kila hospitali: zamu zinazohitajika, zamu zinazozibwa na watu wa kudumu, zinazozibwa na madaktari wa muda, na zinazozibwa kwa kuwachosha watu. Safu hiyo ya mwisho ndiyo itakayokuambia nani anakaribia kuacha kazi.

Hatua ya 2: Jua kwa nini watu wanaondoka

Chukua mfano wa kundi lenye madaktari 40. Mwaka huu wanaondoka 10, na uongozi unataka kufungua hospitali mbili zenye madaktari wanne kila moja. Unatakiwa uajiri 18, na zaidi ya nusu yao ni wa kuziba mapengo tu. Ukipunguza wanaoondoka hadi watano, umepata zaidi ya hospitali moja nzima bila tangazo hata moja. Bila hivyo, ni kuteka maji kwa pakacha.

Mahojiano ya kuaga yanasaidia, ila watu husema nusu ya ukweli wakiwa bado wanadai barua ya utumishi. Wapigie miezi mitatu baadaye, wakiwa wametulia kazini kwingine. Muhimu zaidi, zungumza na waliobaki. Swali ninalolipenda ni hili: "Mara ya mwisho ulipowaza kuacha kazi ilikuwa lini, na siku hiyo kulitokea nini?" Wengi wataitaja siku yenyewe. Mara chache ni mshahara peke yake. Ni mteja aliyemtukana daktari mbele ya watu na meneja akamwomba radhi mteja. Ni likizo iliyofutwa juzi yake. Ni upasuaji ulioharibika, kisha hakuna aliyekaa naye baadaye kumuuliza anaendeleaje.

Yaandike majibu hayo kwa maneno yao, bila majina, na uyapeleke kwa wakubwa. Kazi yako ya kuajiri itakuwa nyepesi au nzito kutegemea watayafanyia nini.

Hatua ya 3: Pata kiti kwenye kikao cha upanuzi

Hapa ndipo wengi hushindwa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kundi hukua kwa njia mbili: kujenga hospitali mpya au kununua iliyopo. Kwa hospitali mpya, pendekeza kanuni moja na uisimamie: mkataba wa pango hausainiwi kabla ya daktari mkuu wa hospitali hiyo kujulikana kwa jina. Akipatikana mapema atashiriki kuchagua vifaa, atakuja na watu waliowahi kufanya naye kazi, na waombaji watakuwa na mtu wa kumuuliza maswali. Wahasibu watalalamika kwamba mnamlipa mtu ambaye hospitali yake haijafunguliwa. Waonyeshe gharama ya jengo lililokaa miezi mitano likiwa tupu, halafu mrudi mezani.

Kuna pia jaribu la kuhamisha watu bora kutoka hospitali kongwe kwenda mpya. Fanya hivyo kwa kipimo. Ukimng'oa muuguzi mkuu aliyekuwa mhimili wa hospitali ya kwanza, unaweza kufungua ya nne huku ya kwanza inaporomoka. Kila anayehamishwa awe na mrithi aliyekwisha kuanza kazi, si aliyeahidiwa.

Hospitali ya kununuliwa ina mtego wake. Kwenye karatasi mnanunua vifaa, jina na wateja. Kilichobeba vyote hivyo ni watu sita au kumi ambao hawakuulizwa kama wanataka bosi mpya. Wiki ya kwanza nenda mwenyewe ukakae na kila mmoja, nusu saa, mlango umefungwa. Beba majibu ya maswali matatu ambayo lazima yaulizwe: mshahara wangu utabaki vilevile, ratiba yangu itabadilika, na mzee mwenye hospitali ataondoka lini. Kama hujui jibu, taja siku utakayolileta na ulilete siku hiyo. Kumbuka pia kulinganisha mishahara kabla ya makabidhiano, kwa sababu wauguzi wa hospitali mbili za kundi moja watapeana taarifa ndani ya mwezi, na tofauti isiyoelezeka itakugharimu watu wa pande zote.

Hatua ya 4: Eleza kazi ilivyo, na taja malipo

Soma tangazo hili: "Tunatafuta daktari wa wanyama mchapakazi, mwenye ari, anayeweza kufanya kazi chini ya shinikizo." Mwombaji mzoefu anaelewa: zamu ndefu, watu wachache. Linganisha na hili: "Madaktari wanne, wauguzi sita. Siku nne kwa wiki, saa kumi kila siku, wikiendi moja kati ya nne. Hakuna simu za usiku. Dharura za usiku hupelekwa hospitali yetu ya rufaa. Muda wa mgonjwa wa kawaida ni dakika 20. Ultrasaundi ipo, mashine ya eksirei ya meno ipo, CT haipo. Mshahara ni kati ya kiasi hiki na kile." La pili halina sifa hata moja ya kujipamba, na ndilo litakalopigiwa simu.

Taja kiwango cha mshahara. Najua hoja za kuficha, na sijaona hata moja inayolipa gharama ya kumsaili mtu mara tatu kisha akakwambia analipwa zaidi alipo.

Kuhusu muundo wa malipo ya madaktari, ziko njia tatu: mshahara kamili, asilimia ya mapato anayoyaingiza, au mshahara wa msingi pamoja na nyongeza pale mapato yake yanapovuka kiwango fulani. Mshahara kamili unampa daktari utulivu na unamfaa sana anayeanza kazi. Asilimia huvutia wenye kasi, lakini huzaa kero zake: madaktari hugombea wagonjwa wa upasuaji, hakuna anayetaka zamu ya chanjo, na mwenye mnyama huanza kujiuliza kama kipimo kile kilihitajika. Mkitumia njia ya tatu, isomeni vizuri ibara inayoeleza kitakachotokea mwezi ambao mapato yake hayakufika kiwango. Kama upungufu unabebwa kwenda mwezi unaofuata, daktari aliyerudi kutoka likizo ya uzazi anaanza akiwa na deni. Nimewahi kuikuta ibara hiyo kwenye mkataba niliokuwa nawapa watu wasaini, nikiwa nimeshawapa zaidi ya mmoja.

Hatua ya 5: Tafuta watu pale walipo

Matangazo mtandaoni yanafaa kwa wapokezi, wasaidizi na watunza vizimba. Kwa madaktari hayatoshi, kwa sababu wengi wazuri wana kazi tayari na hawasomi matangazo. Vyanzo vilivyonipa watu waliodumu ni hivi.

Wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho akikaa kwenu wiki nne, mmemsaili wiki nne naye amewasaili ninyi. Msimfanye wa kufagia na kutazama. Mpeni mtu mmoja wa kumfuata, mwacheni ashone kidonda akiangaliwa, mwambieni kabla hajaondoka kama mngependa arudi. Hiki ni chanzo cha polepole, kinazaa mwaka wa pili au wa tatu, ndiyo maana makundi yenye haraka hukipuuza na kubaki yakigombea madaktari wale wale.

Watu wenu wenyewe. Mpokezi anayejua kumtuliza mtu aliyebeba mbwa anayetoka damu ana nusu ya kile muuguzi anachohitaji. Weka njia inayoonekana: mpokezi, msaidizi, muuguzi mwanafunzi, muuguzi, muuguzi mkuu, na mlipie masomo kwa makubaliano ya kubaki kwa muda wa haki.

Walioondoka vizuri. Aliyewaacha miaka mitatu iliyopita kwenda kusoma au kulea mtoto anawajua, nanyi mnamjua. Mpigie.

Mapendekezo ya wafanyakazi. Zawadi ya pesa ni sawa, ila ilipwe sehemu mtu anapoanza na sehemu akitimiza miezi sita.

Wapo pia madaktari waliosoma nje ya nchi mnakofanyia kazi. Wanaweza kuwa hazina, lakini usajili una njia yake na huchukua muda. Nchini Marekani, kwa mfano, aliyehitimu chuo kisicho na ithibati ya huko hupitia mpango wa ECFVG au PAVE, inayohakiki elimu ya waliosoma vyuo hivyo, na pia NAVLE, mtihani wa leseni wa huko, kabla ya leseni ya jimbo. Uingereza ina mtihani wa RCVS, chombo kinachosajili madaktari wa wanyama huko, kwa ambao shahada zao hazitambuliwi moja kwa moja. Ukimwahidi mtu kama huyo kazi, panga pamoja naye atafanya nini halali na atalipwa nini kabla leseni haijatoka. Kumtumia kama daktari kwa jina la "msaidizi" ni kuihatarisha leseni ya aliye juu yake.

Madaktari wa muda ni dawa ya kupunguza maumivu: inafaa, ila ukiinywa kila siku kuna ugonjwa hujautibu. Waangalie lakini. Daktari wa muda anayependa kurudi hospitali ileile mara ya tano pengine anasubiri kuulizwa.

Hatua ya 6: Chuja haraka, hakiki leseni

Ombi la daktari lijibiwe na mtu, kwa simu, ndani ya siku mbili za kazi. Simu ya dakika kumi na tano inatosha: anatafuta nini, zamu gani hawezi, anataraji kiasi gani, yuko tayari lini.

Kisha hakiki leseni kwenye daftari la baraza au bodi inayosajili madaktari wa wanyama, si kwenye nakala aliyokutumia. Tazama kama iko hai, kama ina masharti, kama jina linalingana. Fanya hivyo pia kwa wauguzi mahali wanaposajiliwa. Weka tarehe za kuhuisha leseni za wafanyakazi wote kwenye jedwali moja lenye kengele ya siku 60, kwa sababu hospitali kumi zina tarehe nyingi mno za kukariri.

Wadhamini wapigiwe, wasiandikiwe tu. Uliza: "Ungempa zamu ya usiku peke yake?" Kisha nyamaza usikilize kimya kinachofuata.

Hatua ya 7: Usaili unaopima kazi

Mwaka 1998 Frank Schmidt na John Hunter walichapisha uchambuzi wa miaka 85 ya utafiti kuhusu njia za kuchagua wafanyakazi. Mwaka 2022 Paul Sackett na wenzake wakazirudia hesabu za aina hiyo na kushusha makadirio ya jinsi njia nyingi zinavyotabiri utendaji kazini, lakini usaili wenye mpangilio ukabaki juu kabisa. Mpangilio maana yake ni kwamba kila mwombaji anaulizwa maswali yaleyale, kila jibu linapewa alama kwa kigezo kilichoandikwa kabla, na kila msaili anaandika alama zake kabla ya kusikia za mwenzake. Sharti hilo la mwisho ndilo linalovunjwa kila mara. Daktari mkuu akitoka chumbani na kusema "nimempenda," usaili umeshakwisha.

Kwa daktari, tumia kisa. Hiki nimekitumia mara nyingi:

*Saa moja jioni. Paka dume wa miaka minne, anajikamua kukojoa tangu jana, ametapika, amelegea. Kibofu ni kigumu na kikubwa. Mapigo ya moyo ni 110 kwa dakika. Mwenye paka ana nusu ya pesa ya makadirio yako. Muuguzi ni mmoja na zamu inaisha saa mbili. Endelea.*

Anayekimbilia mpira wa mkojo moja kwa moja hajatazama moyo. Mapigo 110 kwa paka mgonjwa aliyeletwa kliniki ni machache mno, na kwenye mkojo uliozibwa yanaashiria potasiamu iliyopanda. Jibu zuri linaanza na kipimo cha damu na ECG (kipimo cha umeme wa moyo), kalsiamu glukoneti kuulinda moyo ikihitajika, dripu, dawa ya maumivu, kisha kuzibua. Wengine watataja kupunguza mkojo kwa sindano kwanza. Ila sehemu ninayoipa alama nyingi ni ile ya pesa. Anazungumzaje na mwenye paka? Je, anampa njia zaidi ya moja, ikiwemo kumpumzisha paka kwa sindano, yaani kumwua bila maumivu, bila kumhukumu? Anamwambia nini muuguzi kuhusu saa mbili? Mhitimu mpya anaweza kusahau dozi, nami sijali sana, vitabu vipo. Akisema "hapa ningempigia mwandamizi wangu" anapata alama kamili kwa hatua hiyo.

Kwa mpokezi, kaa chumba cha pili umpigie simu. Wewe ni mtu ambaye mbwa wake amekula sumu ya panya na unapiga kelele. Sikiliza kama anauliza jina la sumu, kiasi, muda na uzito wa mbwa, kama anakwambia uje na pakiti, na kama sauti yake inashuka wakati yako inapanda.

Baada ya hapo, siku moja hospitalini. Ilipwe. Asiye na leseni ya mahali hapo aangalie tu na asiguse matibabu. Usimwandalie siku nzuri. Mlete siku ya kawaida. Yanayofaa kutazamwa ni madogo: anamshikaje paka aliyekasirika, kwa taulo na subira au kwa kumkaba ngozi ya shingo? Anasoma jedwali la dawa ya usingizi kabla ya kuuliza swali? Amemwambia asante aliyesafisha vizimba? Jioni waulize wauguzi, kila mmoja kivyake, kama wangependa kupangiwa naye zamu. Wauguzi wakisema hapana na daktari mkuu akasema ndiyo, mimi huwasikiliza wauguzi.

Hatua ya 8: Ofa

Hapa pita haraka, kwa sababu mtu mzuri ana ofa nyingine. Piga simu siku hiyohiyo au kesho yake, eleza masharti kwa mdomo, tuma maandishi kabla ya jioni. Mpe siku kadhaa za kufikiri bila vitisho. Mwambie wazi kuhusu kipindi cha majaribio, muda wa notisi, malipo ya bima ya kitaaluma na leseni, siku na bajeti ya masomo, na zamu. Ibara ya kumzuia kufanya kazi jirani akiondoka iulizieni kwa mwanasheria: mahali pengi haina nguvu au ina mipaka, na popote pale huwakimbiza waombaji kuliko inavyowalinda wenye hospitali.

Ahadi yoyote iliyotolewa mdomoni iingie kwenye karatasi. "Tutakununulia mashine ya ultrasaundi" ni sentensi iliyofukuza madaktari wengi.

Hatua ya 9: Siku tisini za kwanza

Kazi yako haiishii kwenye saini. Kabla hajaanza, sare, nywila, beji ya kupimia mionzi na jina lake kwenye ratiba viwe tayari. Chanjo ya kinga ya kichaa cha mbwa ianze mapema kwa wote watakaogusa wanyama. Ratiba inayopendekezwa na Shirika la Afya Duniani tangu 2018 kwa watu wenye afya ya kawaida ni dozi mbili, siku ya 0 na siku ya 7. Mtunza vizimba naye hung'atwa, na mara nyingi kabla ya daktari.

Mhitimu mpya ahesabiwe kama nusu mtu kwenye ratiba kwa miezi mitatu, na mlezi wake apunguziwe wagonjwa ili apate muda wa kumlea. Mlezi asiyepunguziwa kazi ni jina kwenye karatasi. Upasuaji wa kwanza wa kumtoa kizazi mbwa jike mkubwa utamchukua saa mbili au zaidi. Upangiwe saa mbili na zaidi, asubuhi, mlezi akiwa amenawa na kuvaa glovu upande wa pili wa meza. Usiku peke yake asiwekwe mpaka yeye na mlezi wake wote wawili waseme yuko tayari.

Kuna jambo zito la kusema hapa. Tafiti za nchi kadhaa, zikiwemo Uingereza na Marekani, zimeonyesha kuwa madaktari wa wanyama hujiua kwa kiwango kinachozidi cha watu kwa jumla, na upatikanaji wa dawa kama pentobabitali, inayotumika kuwapumzisha wanyama, unatajwa miongoni mwa sababu. Anayeajiri ana sehemu yake. Kabati la dawa zinazodhibitiwa lihitaji watu wawili, usiku pia. Kila mwajiriwa apewe siku ya kwanza namba ya msaada wa siri wa nje ya kampuni. Na siku ambayo daktari amepumzisha wanyama watatu mfululizo, ratiba imruhusu kupumua robo saa kabla ya kuitwa kwa chanjo ya mtoto wa mbwa anayechekewa na familia nzima.

Kaa na mgeni siku ya 7, ya 30 na ya 90. Siku ya 30 uliza: "Nini tulikuambia kwenye usaili ambacho hakikuwa kweli?" Jibu lake lirekebishe tangazo linalofuata.

Hatua ya 10: Timu yako, na namba chache

Ukifika hospitali saba au nane huwezi tena kuwa kwenye kila usaili. Makao makuu yabaki na matangazo, uchujaji, leseni, viwango vya mishahara na mikataba. Hospitali ibaki na usaili wa kisa, siku ya kazini na kura ya mwisho. Usimpelekee daktari mkuu mtu ambaye hakumchagua. Atamlea kama mtoto wa jirani.

Fuatilia namba nne tu: siku kutoka nafasi kutangazwa hadi kusainiwa, ofa zilizokubaliwa kati ya zilizotolewa, waliobaki baada ya mwaka mmoja, na zamu zilizozibwa na madaktari wa muda. Zitenganishe kwa hospitali. Wastani wa kundi zima unaweza kupendeza huku hospitali moja ikibadilisha wauguzi kila miezi mitano, na kwa hospitali ya namna hiyo huhitaji mwombaji mpya, unahitaji mazungumzo na meneja wake.

Kila Jumatatu, nusu saa kwa simu na mameneja wote: nafasi zilizo wazi, nani anasubiri jibu letu, nani ametoa notisi, nani anaonekana amechoka. La mwisho liulizwe kwa jina. Meneja akijibu "hapa wote wako sawa" wiki tatu mfululizo, panga safari ya kwenda huko.

Na waliokosa nafasi wajibiwe, wote, na waliofika kwenye usaili wajibiwe kwa simu na sababu ya kweli. Kuna muuguzi nilimkatalia kwa sababu hakuwa bado na ujasiri wa kufuatilia dawa ya usingizi, nikamwambia hivyo na wapi angejifunza. Aliomba tena baada ya miaka miwili, akaja na daftari la wagonjwa aliowafuatilia, na sasa ndiye anayewafundisha wengine kusoma mashine ya kufuatilia mnyama aliye kwenye dawa ya usingizi.